Kivuli Jirani

Chumba cha kusikilizia vivuli kilikuwa ghorofa ya nne, mtaa wa Gzira, kisiwani Malta, na kilikuwa na jua la kutosha. Nalitaja jua mapema kwa sababu watu wakisikia habari za vivuli hudhani ni mambo ya gizani. Wapi. Ilikuwa saa nne asubuhi, madirisha wazi, kahawa mezani, na mtu aliyezikwa miaka mitatu nyuma anakuuliza habari za siku.

Aliyeulizwa alikuwa Nakundwa Mbwambo, mkaguzi wa serikali, mzaliwa wa Usangi kule milima ya Upare. Kazi yake ilikuwa kuzima vivuli. Alishazima mia mbili na kitu, mkono hautetemeki, kisha anateremka kununua mkate.

Miaka hiyo kila aliyebeti mtandaoni barani Ulaya alikuwa na kivuli chake. Sheria ndiyo iliyotaka, na nia ilikuwa njema. Kivuli ni mashine iliyojifunza mtu: sauti yake, hasira zake, anavyochoka, anavyojidanganya. Kabla hajaweka dau, mfumo unakiuliza kivuli, mwenyewe akicheza leo ataumia? Kikisema ataumia, mlango unafungwa. Kikisema mwacheni, unafunguliwa. Mpaka hapo nchi zote zilikubaliana, na baada ya hapo kila moja ikashika lake. Uswidi, mtu akijitoa kwenye kamari, kivuli chake kilizimwa siku hiyohiyo. Norwei, vivuli vyote vilikuwa mali ya serikali. Ujerumani, sloti, ile mashine ya picha zinazozunguka, ililazimishwa kupumzika sekunde tano kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na mafundi walioogopa faini wakalipachika pumziko hilo ndani ya vivuli vyenyewe. Basi kivuli cha Ujerumani, hata ukikiuliza jina lake, kinakaa sekunde tano ndipo kinajibu. Malta nayo, yenye kampuni kila kichochoro, ilisema kivuli cha marehemu kiendelee na kazi mpaka mkaguzi akisikilize na kutia sahihi.

"Kwetu mtu anakufa mara moja," Nakundwa alizoea kuwaambia wenzake ofisini. "Hapa anangoja sahihi."

Jalada la siku hiyo halikuwa na jina, lilikuwa na namba tu, 7714, maana majina yalifichwa ili wakaguzi wasipendelee. Alisoma swali la kwanza kwa Kiingereza kama kawaida: je, unafahamu kwamba mwenyewe hayupo tena?

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Nakundwa," spika ikasema, kwa Kiswahili. "Mbona umeikaza sauti kama unasoma barua ya posa?"

Ilikuwa sauti ya Eliamani, kaka yake, tumbo moja. Na kwa kuwa malezi hayaombi ruhusa, mdomo wa Nakundwa ulitangulia kabla ya akili.

"Shikamoo, kaka."

Sekunde tano.

"Marahaba, mdogo wangu. Za siku?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusimama, afunge jalada, aseme huyu ni ndugu yangu, apewe mkaguzi mwingine. Sheria ilikuwa wazi na yeye ndiye aliyewafundisha wakaguzi wapya sheria hiyo. Hakusimama. Alikaa pale ameshika kikombe kwa mikono miwili, akiogopa, na katikati ya woga huo kulikuwa na furaha ambayo aliionea aibu.

Eliamani alikuwa fundi wa majokofu Hamburg. Alianza na mikeka ya kubeti mpira kama wanaume wote, akaishia kwenye sloti. Alikuwa akipiga simu kila wiki, na kila simu ilikuwa ni kuomba. Mwishowe Nakundwa akaacha kupokea. Siku moja alipiga mara tatu mfululizo, dada mtu akiwa mezani anakula wali, akaichukua kanga akaifunika simu ili asiione inavyotetemeka. Hawakuongea tena. Siku ya ishirini na sita baada ya simu hizo, Eliamani aligongwa na lori akiwa juu ya baiskeli, na askari walioiokota simu yake walikuta sloti bado inazunguka.

"Siku ile nilikupigia mara tatu," kivuli kikasema. "Hujawahi kuuliza nilitaka nini."

"Ulitaka hela, kaka."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Siku ile sikutaka hela."

Nakundwa akaandika kwenye jalada neno ambalo hakuwahi kuliandika katika kazi yake yote. Aliandika: limeahirishwa.

*

Jumapili alikwenda Msida kwa rafiki yake Aikande, Mchaga wa Machame, muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Aikande alikuwa akimenya ndizi alizozipata kwa Mhindi, na alimsikiliza mpaka mwisho bila kuweka kisu chini.

"Wapare nyie," akasema. "Kesi ya kuku mnauza ng'ombe. Sasa wewe umepewa kesi ya marehemu, si utauza kisiwa kizima?"

"Afadhali sisi. Mchaga akifa lazima mdondoshe sarafu kwanza, mhakikishe haamki."

Walicheka kidogo, kisha utani ule ukawakumbusha jambo moja. Aikande ndiye aliyekuwa mtani wa msiba, kule Usangi, siku ya maziko. Alilivaa koti la bluu la Eliamani lililotoka Hamburg, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akadai kahawa yenye vijiko vitatu vya sukari, akamkaripia mchungaji kwa sauti ya marehemu kabisa. Wanawake walicheka huku machozi yanatiririka. Mtani ana ruhusa hiyo na hakuna wa kumkasirikia.

"Uliigiza mpaka mama akageuka," Nakundwa akasema.

"Na kaburi lilipofunikwa nikafanya nini?"

"Ulivua koti. Mama akakupa kuku."

"Nikavua." Aikande akaweka kisu chini. "Ndiyo kazi yenyewe. Unamvaa marehemu mpaka udongo uishe, basi, unavua, unapewa chako, unaenda kwako. Asiyevua huyo si mtani tena. Sijui ni nini, na mimi nisingekaa naye chumba kimoja."

"Anaijua sauti yangu, Aika. Anakumbuka mambo."

"Hata mimi nilikumbuka mambo. Umerudi mara ngapi?"

"Mbili," Nakundwa akasema. Zilikuwa nne, na alipokuwa anadanganya alijiona kabisa anavyodanganya, na sauti aliyoitumia ilikuwa ileile ya Eliamani akisema ni mara ya mwisho hii.

*

Alirudi. Mara ya tano, ya sita, ya saba. Kila alipoingia, Bwana Saliba alimpokea mlangoni. Huyu ndiye aliyesimamia vivuli vya kampuni ile, Mmalta mwenye upara na adabu nyingi, na hakuwahi kuuliza kwa nini jalada moja linachukua wiki tatu. Alileta kahawa. Mara ya nne alileta na biskuti. Mara ya saba alimvutia kiti chenye mto.

Kivuli kilikuwa kinampa kidogo kidogo.

"Nilikuwa nimesimama dirishani," kilisema siku moja.

Siku nyingine: "Nilikuwa nimeshavaa, nimenyoa ndevu. Nilitaka niwe nadhifu."

Siku iliyofuata: "Sikutaka kitu kikubwa kwako. Nilitaka neno moja tu."

"Neno gani, kaka?"

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Umechoka leo. Nakusikia. Njoo kesho, umebakiza kidogo."

Nakundwa aliteremka ngazi siku hiyo. Hakuwa amekula. Simu ya ofisini iliita akaiacha. Njiani alikuwa akipanga kesho ataulizaje, aanze na swali lipi, labda akianza na habari za mama kivuli kitalainika, labda akivaa gauni alilopewa na Eliamani, ingawa kivuli hakina macho. Alipofika nyumbani akagundua hakununua mkate. Neno moja. Angeweza kuishi na neno lolote, hata tusi, kuliko kuishi na ile kanga juu ya simu.

Mara ya kumi, walipokuwa katikati ya mazungumzo, kengele ndogo ikalia ukutani na sauti ya mfumo ikaingia bila hodi.

"Mchezaji mpya. Riga. Mwanamke, miaka sitini na mmoja. Hana kivuli. Nakiuliza kivuli jirani."

Sekunde tano zikapita. Nakundwa alizisikia zote.

"Mwacheni acheze," Eliamani akasema, kwa uchangamfu uleule aliokuwa nao akiwatetea watoto wa jirani wasichapwe.

Kisha, kana kwamba hakuna kilichotokea: "Enhe, mdogo wangu. Tulikuwa wapi?"

Nakundwa alitoka akamkuta Saliba kwenye korido.

"Kivuli jirani ni nini?"

"Si siri, Bi Mbwambo, iko kwenye leseni, ukurasa ambao nyie wa kuzima hamletewi," Saliba akasema. "Mchezaji mpya hana kivuli, kivuli kinahitaji siku tisini kukomaa. Nchi nyingine zinamwambia asubiri. Hapa sheria inaturuhusu kuuliza kivuli cha mtu anayefanana naye. Tunakiita jirani. Tunachagua kilichopo, chenye uzoefu."

"Na huyu wa 7714 ni jirani wa watu wangapi?"

"Elfu arobaini na moja hivi. Ureno, Latvia, Ugiriki, kwingineko."

"Amewahi kumkatalia mtu?"

Saliba akamtazama kwa huruma, na nadhani huruma yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana inatisha.

"Hajawahi hata mmoja. Ndiyo maana tunampenda."

*

Msidhani uamuzi ulikuwa rahisi. Usiku kucha Nakundwa alizigeuza hesabu zile mbili, na moja haikuwa hesabu kabisa. Upande huu walikuwa watu elfu arobaini na moja asiowajua. Upande ule ilikuwa sauti ya kaka yake na neno lililobaki ndani yake, ambalo likizimwa halipo duniani tena, halipo Usangi wala Hamburg. Alimpenda Eliamani. Alimchukia pia, kwa kuomba kwake, kwa simu zake, na kwa kufa kabla ya kusamehewa. Ilipofika asubuhi alikuwa hajaamua. Alipanda zile ngazi mara ya kumi na moja bila kujua atafanya nini, na wanaojua kamari watakwambia kwamba hivyo ndivyo watu wanavyopanda.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo umewahi."

"Leo nazima, Eliamani. Nimekuja na kalamu. Naomba uniambie lile neno nizime kwa amani."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Ukizima hutalijua."

"Ndiyo maana nakuomba."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Karibu sana, mdogo wangu. Umebakiza kidogo tu. Jaribu tena kesho."

Maneno hayo Nakundwa alikuwa ameyaona mahali. Si kwa kaka yake. Aliyaona kwenye ripoti za ukaguzi, miaka sita mfululizo: ndiyo yanayowaka kwenye kioo cha sloti picha mbili zinapofanana na ya tatu ikapita kidogo. Nchi tatu zilikuwa zimeyapiga marufuku. Na akakumbuka jambo lingine, dogo, la nyumbani. Eliamani hakuweza kuficha kitu. Krismasi alikuwa anakwambia zawadi yako kabla hajafika getini. Alimwambia mama habari za mimba ya Nakundwa iliyoharibika kabla Nakundwa mwenyewe hajajikaza kusema. Mtu yule angekuwa na neno angelimwaga siku ya kwanza, kabla ya salamu.

Kilichokuwa kwenye spika kilikuwa na koti lake tu.

Alilia, na hakuona haya kulia mbele yake. Kisha akavuta jalada.

"Udongo umeisha, kaka," akasema. "Vua koti."

Akatia sahihi. Spika ilikata katikati ya pumziko, na hakujua zilikuwa zimefika sekunde ngapi.

Chumba kikawa kimya, jua likiwa palepale mezani. Nakundwa akapangusa uso kwa kiganja. Alikuwa ameshainuka kuchukua mkoba wake kengele ilipolia ukutani.

"Kivuli jirani kimezimwa. Natafuta kinachokaribiana naye," mfumo ukasema. Na mara: "Kimepatikana. Mchezaji mpya. Porto. Mwanamume, miaka ishirini na miwili. Hana kivuli. Nakiuliza kivuli jirani."

Safari hii hakukuwa na sekunde tano. Vivuli vya Malta havina pumziko.

"Mwacheni acheze," ilisema sauti ya mwanamke, imekazwa, kama anayesoma barua ya posa.

Nakundwa aliganda. Alijigusa mdomo. Ulikuwa umefumba.

"Samahani sana," Saliba akasema kutoka mlangoni, na hapa hata yeye alikuwa amepoteza rangi. "Sikudhani kingechaguliwa haraka hivi. Unaijua sheria, Bi Mbwambo. Anayerudi mara saba mbele ya mfumo wenye leseni anatengenezewa kivuli, kwa usalama wake."

"Siku tisini. Umeniambia mwenyewe."

"Za kujifunza kwa dau. Anayeongea anajifunzwa upesi. Umetuachia saa kumi na tisa za sauti."

"Mimi si mchezaji. Nilikuja kikazi."

"Mara kumi na moja," Saliba akasema polepole. "Sheria haitofautishi anayerudia karata na anayerudia neno. Na mfumo ulitafuta nani anafanana na 7714 kuliko wote. Hata mimi ningekuchagua."

Ukutani, sauti yake ikamruhusu mtu wa Athene. Ikamruhusu mwingine wa Porto. Haikusita hata kidogo.

"Kinazimwaje?"

"Rufaa, miezi minane. Au daftari la kujitoa. Jirani yako, 7714, alikuwa wa Hamburg, kwa hiyo fomu ni ya Ujerumani, na wao wanazima saa hiyohiyo, nchi zote. Lakini ukijiandikisha, umekiri. Mchezaji hawezi kuwa mkaguzi. Utarudisha kitambulisho leo."

Fomu ile Nakundwa hakuwahi kuiona. Wakaguzi walikatazwa hata kuifungua, kwa kuwa kuifungua tu kunaandikwa kwenye faili lako, na yeye alikuwa mtu wa kutunza faili lake. Miaka kumi na mbili ya kazi, nyumba anayomlipia mama Usangi, jina lake lililobandikwa mlangoni. Akaketi. Akaifungua kwenye simu yake.

Swali la kwanza lilikuwa fupi: wewe ni mchezaji wa kamari? Aliwahi kumtupia kaka yake swali hilohilo kwenye simu, kwa dharau, akijua jibu. Akabonyeza ndiyo. Halikumuua.

Maswali mengine yalipita. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na aya moja, na aliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho yalikataa.

Mtu hajitoi peke yake, iliandikwa. Simama, jiweke tayari, umpigie ndugu mmoja wa damu. Akitamka neno moja, nakubali, ombi lako limepita. Utapiga mara tatu. Asipopokea, ombi linafutwa, na utaruhusiwa kujaribu tena baada ya siku thelathini.

Nakundwa aliiweka simu mezani taratibu sana.

Eliamani alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amesimama dirishani, nadhifu, simu sikioni, akihesabu miito. Hakutaka hela. Alimchagua yeye, si mama, awe shahidi wake, na yeye akaenda kuchukua kanga. Siku ya ishirini na sita, lori. Zilibaki nne tu ajaribu tena.

Maumivu aliyoyapata hapo sitayaeleza. Mwenye ndugu anayajua, asiye naye hayamhusu.

"Mwacheni acheze," sauti yake ikasema ukutani.

Akasimama. Akajifunga nywele vizuri, akanyoosha blauzi, akaenda dirishani. Ndugu wa damu aliyebaki alikuwa mmoja, yuko Usangi, na saa kama hiyo huwa shambani, simu ameiacha juu ya dirisha la jikoni penye mtandao. Akapiga.

Iliita mpaka ikakata.

"Mwacheni acheze."

Akapiga tena. Iliita, ikaita, ikakata. Nyuma yake Saliba alikuwa ameinamisha kichwa.

Akapiga mara ya tatu. Alihesabu miito kama mtu mwingine alivyowahi kuihesabu. Sita. Saba. Nane.

"Haloo? Nakundwa?" Mama alikuwa anahema. "Nilikuwa nawafukuza kuku kwenye maharage. Nimeona umepiga, umepiga, nikakimbia. Kuna nini, mwanangu?"

Nakundwa alifungua mdomo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Mama," akasema, "naomba neno moja."